Baridi ya Kericho si chanjo: Tumsikilize panya wa Katanga

Simama kwenye stendi ya matatu Kericho mjini asubuhi, wakati ukungu bado umelalia mashamba ya majanichai, kisha uanzishe stori ya malaria. Dakika mbili haziishi kabla mtu hajakwambia: "Hiyo ni ya watu wa ziwa. Huku kwetu baridi inatuchunga." Wenzake watacheka, makanga atagonga bodi ya gari, na mjadala utakuwa umefungwa.

Kauli hiyo nimeisikia Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Siku hizi naisikia hata Nairobi, kutoka kwa vijana wenzangu waliozaliwa huko juu na sasa wanaishi kwenye ploti za Kasarani na Rongai. Inasemwa kwa kujivunia, kana kwamba kuzaliwa mahali pa baridi ni cheti cha afya.

Maoni yangu ni kwamba kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kuua mtu. Na shahidi wangu mkuu si waziri wala daktari. Ni panya.

Usicheke kwanza.

Mwaka wa 1948, watafiti wawili, Ignace Vincke na Marcel Lips, walikuwa Katanga, kusini mwa ile iliyoitwa Kongo ya Wabelgiji. Kwenye misitu myembamba inayofuata mito ya huko kulikuwa na mbu aitwaye Anopheles dureni, ambaye alikuwa amekutwa na vimelea vya malaria. Swali likawa: anavitoa wapi? Jibu walilipata kwa panya mdogo wa vichakani, mnyama wa porini anayepanda miti na ambaye huwezi kumkuta jikoni kwako. Damu yake ilikuwa na kimelea ambacho kilipewa jina la Plasmodium berghei.

Yule panya alikuwa anaendelea na maisha yake. Panya wa vichakani hubeba vimelea hivi kwa muda mrefu, vikiwa vichache kwenye damu, na huwezi kumtazama ukajua ana kitu. Lakini kimelea kilekile kilipopandikizwa kwa panya weupe wa maabara, mambo yaligeuka. Vimelea viliongezeka haraka, damu ikaisha nguvu, na katika aina nyingi za panya hao wengi walikufa ndani ya wiki chache.

Kimelea hakikubadilishwa kitu. Kilichobadilika ni mwenyeji.

Hilo ndilo somo la kwanza, na ndilo tunalolikosa pale stendi. Huwa tunaongea kana kwamba ukali wa ugonjwa umeandikwa ndani ya kimelea chenyewe: huyu mkali, huyu mpole. Ukweli ni kwamba ukali ni jambo la watu wawili, kama ugomvi. Unategemea kimelea, na unategemea mwili kilioingia. Panya wa Katanga na kimelea chake wamesukumana vizazi kwa vizazi hadi wakafikia namna ya kuishi pamoja. Yule panya mweupe, ambaye ukoo wake ni wa mbali na Afrika, hakuwahi kuwa sehemu ya mapatano hayo.

Hapa wengi huruka na kusema: basi sawa, ugonjwa ukikaa na watu muda mrefu utapoa wenyewe. Mpangaji mwerevu hachomi nyumba anamoishi. Ni hadithi tamu, nami niliiamini. Lakini panya hao hao wameipinga.

Pale Edinburgh, Margaret Mackinnon na Andrew Read walifanya kazi na jamaa mwingine wa kimelea hicho, Plasmodium chabaudi, ambaye pia alitolewa kwa panya wa misitu ya Afrika ya Kati. Walivihamisha vimelea kwa sindano kutoka panya hadi panya, mara nyingi mfululizo. Baadhi vilipitia panya ambao tayari walikuwa na kinga, na vingine vikapitia panya ambao hawakuwa nayo. Mwaka wa 2004 walichapisha matokeo: vilivyopitia panya wenye kinga vilitoka vikiwa vikali zaidi. Kinga iliwaokoa wale waliokuwa nayo, lakini pia ilichuja vimelea, vikabaki vile vinavyojua kupigana. Mackinnon baadaye alikuja kufanya kazi Kilifi, hapa hapa Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, akishughulikia malaria ya binadamu.

Kwa hiyo kimelea hakina adabu na hakina chuki. Hakipangi kukuua wala kukuhurumia. Kinachobaki ni kile kinachofanikiwa kufika kwa mwenyeji mwingine. Kama upole ndio unaokifikisha, kitakuwa mpole. Kama ukali ndio unaokifikisha, pole yetu.

Mfano unaonishangaza kuliko yote ni huu. Kwa kawaida kimelea cha malaria hutenga sehemu ya seli zake ziwe za kiume na za kike, na kazi ya seli hizo ni moja tu: kukaa kwenye damu zikimngoja mbu azinyonye. Sasa maabara zikaanza kutumia sindano badala ya mbu. Kama sindano ndiyo inayokubeba, mbu unamngojea wa nini? Baada ya kuhamishwa kwa sindano mara nyingi, baadhi ya koo za Plasmodium berghei ziliacha kabisa kutengeneza seli hizo. Mwaka wa 2014 wanasayansi walieleza sehemu kubwa ya siri hiyo: kuna jeni iitwayo AP2-G inayofanya kazi kama swichi. Ikiharibika, seli za kumngoja mbu hazitengenezwi tena. Kimelea kilitupa mzigo ambao hakikuuhitaji, kama mtu anayehamia mjini na kuacha jembe nyumbani.

Hii ndiyo maana ya mageuzi. Si kitu cha mamilioni ya miaka tu, cha kukariri kwa ajili ya mtihani wa KCSE kisha kusahau. Kinatokea ndani ya kizimba cha panya, katika muda ambao mtu anasoma shahada moja.

Sasa turudi Kericho.

Baridi inatusaidia, hilo silikatai. Kimelea hatari zaidi cha malaria ya binadamu, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye joto la kutosha, kazi hiyo huchukua siku kumi au zaidi kidogo. Joto likishuka kuelekea nyuzi 18 hivi, inakwenda polepole mno, na mbu wengi hufa kabla kimelea hakijawa tayari. Likishuka zaidi ya hapo, kazi inasimama. Kericho iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na wastani wa joto lake unacheza karibu sana na mstari huo. Hii ndiyo ile nusu ya ukweli.

Lakini jiulize: mstari ni wa nani? Yule kimelea wa panya wa Katanga hukomaa vizuri ndani ya mbu kwenye nyuzi 19 hadi 21. Maabara yoyote inayomfuga inajua hivyo, na mbu wake huwekwa kwenye chumba cha ubaridi huo. Ukimweka kwenye joto la nyuzi 26 au 27 ambalo falciparum hulifurahia, hafanyi vizuri. Yaani katika ukoo huu wa malaria wapo waliozoea ubaridi. Sisemi kwamba falciparum atafanya hivyo kesho. Ninachosema ni kwamba baridi ni kizingiti, na si ukuta.

Na kizingiti chenyewe kinashuka. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yana hospitali zake, na rekodi za wagonjwa wao zimechunguzwa na wanasayansi wa dunia nzima, zikianzia katikati ya miaka ya 1960. Zinaonyesha kwamba malaria, ambayo ilikuwa imedhibitiwa vizuri, ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1980 na 1990. Kwa nini? Hapo wataalamu walishikana mashati. Mwaka wa 2002, Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza ongezeko hilo. Mwaka wa 2006, Mercedes Pascual na wenzake walizirudia takwimu za joto na wakaona kwamba lilikuwa limepanda. Mwaka wa 2011, Judith Omumbo na wenzake walichukua vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwenyewe na kuonyesha kwamba joto limekuwa likipanda kwa karibu nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Dennis Shanks, aliyetafiti malaria katika mashamba hayo kwa miaka, alisisitiza mambo mengine mawili: dawa zilizokuwa zimechoka, na safari za watu kati ya milima na nyanda za chini. Mimi sioni kwa nini tuchague moja. Joto lilifungua mlango kidogo, safari zikaleta kimelea, na klorokwini iliyoshindwa ikakiacha kikae.

Safari zenyewe unazijua. Panda gari Kericho, pita Kapsoit, telemka hadi Awasi, na muda si mrefu uko Ahero kwenye mashamba ya mpunga. Umeshuka karibu mita elfu moja na hata hujamaliza chupa ya maji. Joto ni lingine na mbu ni wengine. Watu hupita njia hiyo kila siku: mchumaji chai anayerudi kwao likizo, mwanafunzi wa Bomet anayesoma Maseno, mfanyabiashara wa viazi, wanaoenda harusini Kisumu wikendi na kurudi kazini Jumatatu.

Hapa ndipo panya wawili wa hadithi yangu wanapotuhusu. Mtoto anayekulia Homa Bay au Siaya huumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu wapo wasiofikisha miaka mitano. Wanaonusurika, miili yao hujifunza. Wakiwa watu wazima, mara nyingi vimelea viko kwenye damu na wao wanaendelea na kazi. Kijana aliyekulia Mogogosiek au Silibwet hana somo hilo mwilini mwake. Kimelea kilekile kinachomletea mwenzake homa ya siku mbili kinaweza kumlaza yeye hospitalini. Ndiyo maana mlipuko ukitokea nyanda za juu hauchagui watoto tu. Unakamata hadi watu wazima wenye misuli.

Nisieleweke vibaya. Tofauti hapa si ya kabila. Tofauti ni ya mazoea ya mwili, na mazoea hupotea. Wewe wa Siaya uliyekaa Nairobi miaka sita bila kuumwa na mbu wa kwenu, kinga yako imeanza kufifia. Ukienda nyumbani Desemba bila neti, ukitegemea ujasiri wa utotoni, unacheza kamari.

Ndiyo maana kauli ya "malaria ya watu wa ziwa" inanikera mara mbili. Kwanza inampumbaza yule anayeisema, akidhani yuko salama. Pili, inamnyooshea kidole yule anayeambiwa. Kwenye mitaa ya wafanyakazi wa chai tunaishi Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya na wengine, mlango kwa mlango. Tuliona mwaka wa 2008 maneno ya "hawa wametuletea" yanavyoweza kuishia. Kimelea hakina kitambulisho cha kitaifa, na wala hakikuanza na jirani yako. Mwaka wa 2010, watafiti waliochunguza vinyesi vya sokwe na sokwe-mtu wa Afrika ya Kati walionyesha kwamba falciparum yenyewe ilitoka kwa sokwe. Iliruka mpaka ikatuingia sote. Ukitaka kumlaumu mtu, nenda msituni.

Najua mtu atasema: acha kutulinganisha na panya. Ni pingamizi la haki. Plasmodium berghei haimwambukizi binadamu, kwa hiyo usianze kuwaua panya wa vichaka vya Kericho kwa sababu ya makala hii. Na si kila kinachotokea kwa panya hutokea kwetu. Dawa nyingi zilizofanya maajabu kwenye vizimba zilishindwa kwa watu. Lakini kumbuka mwaka wa 1967, pale New York, Ruth Nussenzweig alivipiga miale vimelea vya panya huyu huyu wa Katanga, akawadunga panya wa maabara, na wakapata kinga. Kazi hiyo ilifungua njia ndefu iliyotufikisha kwenye chanjo ya RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mnamo Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Kutoka kichaka cha Katanga hadi paja la mtoto wa Homa Bay ni zaidi ya miaka 70 ya kumchukulia panya kwa uzito.

Mwingine atasema: malaria Kericho na Bomet ni kidogo sana kuliko kando ya ziwa, kwa nini utie watu hofu? Ni kweli ni kidogo. Ndicho kinachonitia wasiwasi. Mahali ilipo nyingi, kila mtu anaijua dalili yake. Mahali ilipo kidogo, kijana anapata homa, anaambiwa ni baridi tu, anapewa dawa ya maumivu dukani, na siku ya tatu anabebwa. Sote tunamjua mtu aliyepitia hivyo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tupimwe. Ukipata homa na ulikuwa umeshuka Kisumu, Kakamega au Pwani majuma ya karibuni, sema hivyo kwa mhudumu wa afya bila kungoja kuulizwa. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na dakika chache tu. Ukienda huko chini, lala ndani ya neti.

Pili, tumalize dozi. Hapa mageuzi yanatuhusu moja kwa moja. Kenya iliacha klorokwini mwaka wa 1998 ikaingia dawa za kundi la Fansidar, na kufikia 2004 ilikuwa imeamua kuhamia dawa mseto tunazotumia sasa. Miaka sita tu. Kimelea kilifanya na dawa kile kile kilichofanya na sindano za maabara: kilizoea. Mwaka wa 2021, watafiti walithibitisha kaskazini mwa Uganda vimelea vinavyostahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa hizo. Uganda si mbali. Ukimeza nusu ya dozi kisha ukamwekea binamu yako nusu iliyobaki, unakichuja kimelea kama wale panya wa Edinburgh. Vinyonge vinakufa, vigumu vinabaki.

Tatu, serikali za kaunti zetu zisingoje mlipuko ndipo zihesabu. Joto na mvua vinapimwa kila siku pale Kericho. Takwimu hizo zikikaa pamoja na idadi ya waliopatikana na malaria kila wiki, mhudumu wa zahanati atajua mapema kwamba mambo yanabadilika. Sayansi ya kufanya hivyo imefanyiwa kwenye ardhi yetu. Inashangaza kwamba mtu wa London anazijua namba za Kericho kuliko kijana wa Kericho.

Nne, na hili ni letu sisi wa mjini: tusijidanganye kwamba lami inatulinda. Maabara nyingi hazimtumii yule mbu wa Katanga. Mbu anayependwa sana huko ni wa kutoka Asia, Anopheles stephensi, kwa kuwa anafugika kirahisi na hukipokea kimelea cha panya bila shida. Mbu huyo, tofauti na wengi wa kwetu, hustawi mijini, kwenye matangi na ndoo za maji. Mapema 2023 KEMRI ilitangaza kwamba ameonekana Marsabit. Kimelea kinazoea mwenyeji mpya, na mbu naye anazoea mji mpya. Ni sisi tu tulioganda kwenye methali za stendi.

Mara nyingine ukiwa pale Kericho, ukamsikia mtu akisema baridi inatuchunga, usimbishie kwa kelele. Mwambie kuna panya mmoja alichukuliwa kutoka mahali pasipo na ugonjwa huo, akakutana na kimelea ambacho binamu yake wa porini hakikumsumbua hata kidogo. Kisha mwambie kilichompata.